Waya Uliopigiwa Kura

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "tupige kura" nachukua kofia yangu naondoka. Nimezeeka, nimeona mengi, lakini sijaona upuuzi kama ule wa watu wazima kukaa kwenye mabenchi na kunyosha mikono kuamua kama umeme unaua au hauui. Umeme hauhudhurii mkutano, hausomi muhtasari wa kikao. Nilisema hivyo siku ile na wakanicheka.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, mkoa wetu ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Mimi kijana wa Muleba, fundi umeme wa serikali, kazi yangu kuzunguka Bukoba mjini na vijiji vyake, leo Kahororo, kesho Izimbya, natengeneza mitambo ya majengo ya umma. Jengo ninalolizungumzia lilikuwa upande wa Kibeta, ghala la dawa, lenye paa la zege lililolala bapa. Lilikuwa la nani, sitasema. Waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo hawapungukiwi kitu.

Juu ya paa lile ilipandishwa mashine. Ilikuja kwa meli kutoka Mwanza, ndani ya sanduku la mbao kubwa kuliko jiko la nyumbani kwetu, zawadi ya nchi rafiki yenye baridi kali. Ilikuwa na sehemu mbili: ukitaka baridi inapoza, ukitaka joto inapasha, na zote mbili zaweza kwenda kwa pamoja. Sisi watu wa ziwani tulihitaji kupashwa joto la nini, sikuuliza. Zawadi huiulizi. Ghala lilitaka baridi ya kutunza chanjo na dawa, basi.

Niliifunga kwa mikono yangu, na niliifunga vizuri. Kando yake niliweka swichi kubwa yenye tundu la kufuli. Kabla hujaigusa mashine, unazima, unapiga kufuli, ufunguo unautia mfukoni mwako wewe mwenyewe, humwachii mlinzi wala bosi. Kisha unapima kwa testa uhakikishe kweli umezimika. Ndipo unagusa. Nyaya zilikuwa tano: tatu za moto, mmoja wa kurudishia, na wa tano ni waya mnene wa shaba ambao sisi mafundi tunauita arthi. Huo niliufunga kwenye bodi la mashine, nikaushusha ukutani mpaka kwenye nondo ya shaba niliyoikita kwenye udongo mbichi wa migomba nyuma ya jengo. Siku za kawaida haubebi umeme. Lakini siku waya wa moto ukichubuka humo ndani ukagusa bati la mashine, umeme unakimbilia ardhini kupitia waya huo, fyuzi inakatika, na mtu anapona. Usipokuwapo, bati zima linakuwa na moto na linangoja mkono wa mtu wa kwanza atakayeligusa.

Shaba siku zile ilikuwa adimu kuliko sukari. Waya ule niliungoja miezi mingi, nikaandika barua mpaka karani wa stoo kuu akanichukia. Ulipofika niliupeleka Kibeta kwa baiskeli, nimeuvaa shingoni.

Katika jengo lile alikuwamo mama yangu mdogo, ndugu wa tumbo moja na mama yangu mzazi. Mama alipofariki nikiwa bado sijaota meno ya pili, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka kwetu hadi kwake, akanilea na wanawe, akauza mikungu yake ya ndizi nisome. Nilimwita Mama, na sikuwa na mwingine. Mji ulipomwita kutafuta kazi alipata upishi wa kantini ya wafanyakazi. Kantini yenyewe banda la nyuma, halina dirisha la maana, limejaa moshi, ukiingia saa sita mchana unapapasa kama kipofu. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Hakuomba nyongeza ya mshahara wala cheo. Aliomba taa.

Sasa, wafanyakazi wa ghala walikuwa na shamba la kahawa la pamoja nyuma ya jengo, kama wakati ule ulivyotaka. Walilima pamoja, wakachuma pamoja, wangegawana pamoja. Mwaka ule mvua ya Bukoba ikaja na hasira. Kahawa haikauki. Wakianika, inanyesha, wakiingiza ndani, inaota ukungu. Ndipo mmoja wao akakumbuka kwamba mashine ya juu ya paa ina upande wa joto. Sijui nani alibonyeza. Wakapandisha kahawa paani, wakaitandaza chini ya turubai, kwenye mabati makuukuu yaliyoegemezwa kwenye mashine yenyewe, wakakuta upepo wa moto unakausha vizuri ajabu. Na wa kuigeuza wakampanga mama mdogo, kwa sababu ngazi ya paa ilianzia mlangoni pa kantini. Basi mwanamke yule akawa anapanda mara nne, mara tano kwa siku, miguu mitupu, zege limelowa chepechepe, anageuza kahawa kwa viganja, na mkono mmoja anajishikiza kwenye bodi la mashine asiteleze.

Hayo yote sikuyajua. Mimi nilikuwa Izimbya nikihangaika na jenereta.

Nilichojua ni kwamba niliitwa kwa simu ya upepo. Fyuzi zinakatika, njoo. Nilipofika nikakuta hazikatiki tena. Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi alinipokea getini, uso unang'aa. Alikuwa mtunza stoo, mtu mwema kabisa, na wema wake ndio ulionichosha maana huwezi hata kumtukana. Testa aliichomeka mfuko wa shati badala ya kalamu.

"Ndugu fundi, karibu, lakini tumeshajitegemea," akasema. "Ugonjwa nimeugundua mwenyewe. Ni ule waya wako mnene. Nimeufungua kule kwenye nondo, fyuzi imetulia. Tangu juzi haijakatika hata moja!"

Yezu na Maria.

"Umeifungua arthi?"

"Nimeupima kwanza," akasema kwa fahari, akagonga testa yake. "Hauna umeme hata chembe. Waya mzima wa shaba umelala tu ukutani."

Kisha akanisimulia kwa fahari ile ile habari za kahawa paani na mama mdogo anayeigeuza. Nikamwambia aurudishe waya sasa hivi, kabla sijavua hata kofia. Akanishika bega kwa upole. Akasema jambo hilo liko mbele ya kamati, na kwamba kikao ni saa nne asubuhi hiyo hiyo, na mimi nakaribishwa kutoa maoni.

Kutoa maoni! Mtu ametoa breki kwenye basi, unakaribishwa kutoa maoni.

Kikao kilifanyika chini ya baraza la ghala, mvua inanyesha. Watu kama ishirini hivi: wapakizi, makarani, mlinzi, wafagizi, na mama mdogo wangu mbele kabisa, amejifunga kitenge cha kanisani. Mwenyekiti akaanza kwa "Uhuru na Kazi!", tukaitikia. Kisha akasimama akasema maneno ambayo sijayasahau. Akasema nchi hii inajengwa na wafanyakazi na wakulima, na asiyefanya kazi asile. Akasema katika mashine yetu nyaya nne zinafanya kazi usiku na mchana, na wa tano haufanyi. Si hivyo tu, ulipokuwapo fyuzi zilikatika, ulipoondolewa zimetulia. Huo basi ni kupe, tena kupe mwenye hujuma. Na hapo hapo kantini ya wafanyakazi iko gizani kwa kukosa waya. Yeye anapendekeza waya huo upewe kazi.

Wakapiga makofi. Mama mdogo alipiga zaidi ya wote.

Nikasimama. Nilijitahidi, jamani, Mungu ni shahidi. Niliwaeleza kwamba fyuzi ilikatika kwa sababu ndani ya mashine kuna mahali pameharibika, na arthi ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Ukimziba mdomo anayepiga kelele hujazima moto. Nikawaambia hata mlinzi wetu huyu hapa, mwizi asipokuja mwaka mzima, hamsemi hana kazi.

"Huyo tumemwona anasinzia," mpakizi mmoja akadakia, watu wakaangua kicheko, na mlinzi mwenyewe akacheka.

Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Nikapandisha sauti, nikasema atakayekufa ni huyu mama mnayempandisha huko juu. Mama mdogo akanigeukia, macho mekundu, akaniambia kwa Kihaya nisimtabirie kifo mbele za watu. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba tangu waya uondolewe yeye anaigeuza kahawa ile siku ya tatu sasa na hajaona lolote, ila mkono unamwasha kidogo anapoigusa mashine. Anadhani ni baridi yabisi.

Mkono unamwasha! Nilipiga kelele nikasema huo ndio umeme wenyewe. Karani mmoja akanijibu kwamba hata upupu unawasha.

Kura ikapigwa. Wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao wenyewe. Mikono yote ikaenda juu, ukiwamo wa aliyenilea. Waliopinga: mimi, na mimi sikuwa mjumbe.

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikasema haya, kama maneno hamyaamini, macho yenu mtayaamini, njooni paani. Wakaja, wamejifunika magunia kichwani, kahawa imefunikwa turubai. Nikachukua balbu niliyoifunga nyaya mbili. Mmoja nikaushikiza kwenye bomba la chuma la maji ya mvua, linaloshuka mpaka ardhini. Wa pili nikausogeza kwa plaizi yenye mpira mpaka kwenye bati la mashine, pale pale mama alipokuwa anajishikiza. Balbu ikawaka. Ilikuwa imefifia, lakini iliwaka, mchana kweupe, na mashine nzima ilionekana imetulia kama kawaida.

Niliona wameelewa. Nilitamani kulia kwa furaha.

Halafu mwenyekiti akapiga makofi. "Ndugu zangu!" akasema. "Kumbe hapa kuna umeme unapotea bure! Tuuvute mpaka kantini!"

Wakashangilia. Wallahi, mimi Mkatoliki nimeapa Kiislamu, wakashangilia. Mama mdogo alinikumbatia akaniambia, "Mwanangu, asante, umetupatia taa," na huku machozi yanamtoka. Hapo nilichoka mwili na roho. Sijawahi kuchoka vile tangu nizaliwe. Niliwaona wote ni watu ninaowapenda na nikawachukia kila mmoja kwa zamu.

Nikaenda kwenye swichi, nikazima, nikapiga kufuli langu, ufunguo nikautia mfukoni. Mashine ikanyamaza.

Makelele niliyoyasikia hapo, we acha tu. Kahawa itaoza! Chanjo zitaharibika! Meneja akaitwa, akapanda ngazi na viatu vyake vya ngozi, akanisogelea sikioni. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kijana, unajua jina la kitendo hiki? Kinaitwa hujuma. Chini yetu kuna chanjo za watoto wa mkoa mzima. Fungua."

Nikamwambia milango ya vyumba vya baridi ikifungwa isiguswe, baridi itakaa humo masaa kadhaa. Anipe mpaka saa kumi jioni. Akaangalia saa yake. Akasema saa kumi na dakika moja anapiga simu, na simu hiyo haitakuwa ya kumwita fundi.

Basi nikafungua mashine peke yangu, mvua inanipiga mgongoni. Ugonjwa niliuona upesi. Mtu alikuwa ameondoa kifuniko cha upande wa joto ili upepo utoke mwingi zaidi ukaushe kahawa haraka, na skrubu hakuzirudisha. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye koili ya joto kwa wiki nzima. Waya wake ulikuwa umechubuka, umelalia bati. Nikaukata upande wote wa joto, nikafunga ncha zake moja moja, nikarudisha kifuniko na skrubu zake zote. Upande wa baridi nikaupima, ukawa mzima. Kilichobaki ni arthi.

Arthi ilikuwa kantini.

Walikuwa wameshauvuta wote ukutani. Mama mdogo alisimama mlangoni pa jiko lake, ameuzungusha mkononi toka kiganja hadi kwenye kiwiko, kama mwanamke anavyokunja kamba ya ng'ombe. Nyuma yake watu wanasubiri chakula.

"Mama, nipe huo waya."

"Sikupi. Nimepewa na kamati."

"Mama, tafadhali waitu. Nitakutafutia mwingine, nakuapia. Nipe huo."

"Mwingine lini? Miaka mingapi nimekuomba taa? Kila nyumba ya wakubwa umetia taa, mimi niliyekuzoa mavi nakaa kwenye moshi. Leo watu baki wamenihurumia, wewe unataka kuninyang'anya?"

Yalikuwa yamebaki masaa mawili. Nilishika ncha ya waya. Akavuta. Nikavuta.

"Leka!" akasema. "Leka, mwana wange!"

Sikuacha. Nilimkunjua mkono aliokunja waya, kidole kwa kidole, mbele za watu, mbele ya sufuria za maharage. Sisi kwetu mtu hapigani na mama yake. Hata mlevi anajua hilo. Wapakizi waliokuwa wakicheka asubuhi walitazama chini. Shaba ilimwachia alama nyekundu mkononi. Nilipoondoka alisema taratibu, "Leo umenivua nguo."

Niliurudisha waya. Safari hii niliutia ndani ya bomba la chuma, nikalikandika na saruji ukutani, na kwenye nondo nikamwaga zege, mtu akiutaka alete nyundo ya kuvunjia mawe. Nilifungua kufuli saa kumi kasoro kidogo. Mashine ikanguruma, fyuzi ikatulia, ghala likapata baridi. Nikamwita mwenyekiti paani, nikagusisha balbu yangu pale pale. Haikuwaka.

"Umeona?" nikasema.

Akaitazama balbu kwa huzuni ya kweli. "Umeuua umeme wetu," akasema.

Kahawa ile ilioza. Walijaribu kuianika barazani, ikaota ukungu mweupe, wakaimwaga kwenye mashina ya migomba. Mwezi ule ule nilipata barua ya uhamisho kwenda Ngara. Waya wa kantini niliutafuta kwa kila stoo niliyoijua. Nilipoupata, mama mdogo alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya macho na kurudi Muleba. Hakunisemesha Krismasi mbili. Nilipopeleka ujumbe alinijibu kupitia kwa wanawe kwamba fundi mkubwa asihangaike na masikini.

Miaka ikapita, ikapita mingi. Alinisamehe kwa namna yake, maana yake alinipa chakula na kunisema papo hapo. Mara ya mwisho nilipomwona nilimkuta uani, ana themanini na kitu, kiuno kimepinda, sauti bado kali. Alikuwa anamenya ndizi pamoja na jirani zake wawili. Sijakaa vizuri akaanza.

"Huyu ndiye niliyewaambia. Mwanangu aliyeninyima taa, akaozesha kahawa ya watu, eti tutakufa." Akaninyooshea kisu. "Haya, msomi, sema mbele yao. Ile mashine iliua nani?"

"Haikuua mtu, Mama."

"Mmemsikia?" akawaambia jirani zake, wakacheka wote watatu, yeye akacheka mpaka akakohoa, akapangusa macho kwa upindo wa kanga. "Hata kuku!"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba miaka yote ile, nimelipanga vizuri, na hasira yangu yote bado ilikuwa mbichi kifuani. Nikamtazama anavyocheka. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu kingine, nikamsaidia kumenya.